Agizo la simu na saini ya mtumishi: mambo yakiharibika, nani anajibu?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimestaafu baada ya miaka 29 katika utumishi wa halmashauri hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa katika idara ambayo hati za malipo haziwezi kwenda kwa Mweka Hazina bila kupita mezani kwake. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo nililiona tangu wiki yangu ya kwanza kazini na ambalo nililikuta bado lipo siku niliyokabidhi ofisi: katika utawala wetu agizo hushuka kwa mdomo, lakini anayetafutwa baadaye ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Aliyeagiza hana karatasi, na aliyetekeleza hana ushahidi kwamba aliagizwa.

Nitaanza na lililonipata mimi mwenyewe, na mtaniwia radhi kwamba sitataja mahali wala watu. Mwaka mmoja tulikuwa tunasubiri mgeni wa kitaifa. Zikiwa zimebaki siku nne, ikaonekana kwamba barabara ya kuingia uwanjani haipitiki, na kasma ya barabara, yaani fungu la fedha zake, ilikuwa tupu. Simu ilipigwa kutoka ngazi ya juu kwenda kwa Mkurugenzi, naye akaniita ofisini kwake, akafunga mlango na kuniambia, "Mzee, zile fedha za kupaua zahanati bado zipo? Zitumieni kwanza, tutazirudisha mwezi ujao." Nilimjibu kwamba uhamisho wa fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine una utaratibu wake. Akasema anaujua, lakini wakubwa wamekwisha kusema. Nilisaini, mhasibu naye akasaini, greda likachonga barabara, mgeni akaja na kuondoka. Fedha hazikurudi. Zahanati ilikaa bila paa masika yote, na matofali ya kuta zake yalilowa hadi safu za juu zikaanza kumomonyoka.

Wakaguzi walipofika mwaka uliofuata, kiongozi aliyepiga simu alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine na Mkurugenzi alikuwa amepangiwa kituo kipya. Katika jalada hapakuwa na ukurasa hata mmoja wenye jina la aliyeagiza. Palikuwa na saini mbili, yangu na ya mhasibu. Mimi niliandikiwa barua ya kujieleza. Mhasibu, kijana mwaminifu ambaye hakuchukua hata senti, alifunguliwa mashtaka ya nidhamu na kuadhibiwa. Sijitetei, kwa kuwa nilijua kanuni na bado nilisaini. Ninachouliza ni kwa nini mfumo unamruhusu mtu kuamuru bila kuacha alama yoyote.

Kwa vijana ambao hawajaishi ndani ya halmashauri, naomba nieleze jinsi ngazi zilivyopangwa. Mkuu wa Mkoa, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri wote huteuliwa na Rais. Mkurugenzi ndiye Katibu wa Baraza la Madiwani, na Baraza ndilo linalopitisha bajeti na mipango ya halmashauri. Lakini Baraza halimteui wala haliwezi kumwondoa. Wakati huohuo Mkurugenzi anaripoti TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na mlangoni kwake yupo Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwakilishi wa Serikali katika wilaya na mwenyekiti wa Kamati ya Usalama. Juu ya hayo yote Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, maana yake mtu anayeitwa kwa jina mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kujibu hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Hesabuni wenyewe: sauti tatu zina uwezo wa kumwagiza, na shingo inayojibu ni moja.

Hali hii ina historia. Mwaka 1972, kwa mpango tulioujua kama madaraka mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake zikawekwa mikononi mwa watendaji wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Halmashauri za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978, na zile za wilaya zikarudi kwa sheria za mwaka 1982, ambazo zilianza kufanya kazi mwaka 1984. Kwa miaka zaidi ya 10, basi, kizazi kizima cha watumishi kilijifunza kwamba neno la Mkuu wa Mkoa ndilo bajeti, ndilo mpango na ndilo sheria. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 na sera ya ugatuaji, yaani kushusha madaraka kwa halmashauri, ya mwaka 1998 zilijaribu kubadilisha mkao huo, zikaupa mkoa kazi ya kushauri na kuziwezesha halmashauri. Maandishi yalibadilika. Mazoea hayakubadilika kwa kasi hiyo, na mtumishi anayepokea simu kutoka mkoani mpaka leo haulizi kama ni ushauri au ni amri.

Sheria hiyohiyo ya mwaka 1997 ina kifungu ambacho kila mmoja wetu amekisikia, yaani mamlaka ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ya kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Wengi wamekisikia kupitia mikutano ya hadhara, pale kiongozi anapomgeukia polisi na kusema, "Huyu mwekeni ndani." Wachache wamekisoma. Kiongozi anatakiwa awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anaelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu wa umma, na kwamba hakuna njia nyingine ya kulizuia jambo hilo isipokuwa kumshikilia. Ndani ya muda huo mtu huyo apelekwe mbele ya hakimu, la sivyo aachiwe. Tena anayetumia mamlaka hayo vibaya anaweza kushitakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu. Sasa niambieni, mganga mfawidhi ambaye dawa zimeisha katika kituo chake, au mwalimu mkuu ambaye ufaulu wa shule yake umeshuka, anavunja amani gani? Huenda ana kosa la kiutumishi, na kosa la kiutumishi lina mlango wake: hati ya mashtaka, utetezi wa maandishi, kamati ya uchunguzi, uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, kisha rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Safari hiyo ni ndefu, nakubali, na inawakera viongozi wanaotaka wananchi waone hatua ikichukuliwa palepale. Lakini katika miaka yangu yote kazini nilimwona zaidi ya mtumishi mmoja akilala mahabusu kwa agizo la jukwaani, na sikumwona kiongozi hata mmoja akiulizwa kwa maandishi kwa nini aliamuru hivyo.

Upande wa pili wa jambo hili ni uwajibikaji wa walio juu, na hapo nchi yetu ina mifano ambayo haifanani, kwa hiyo si sahihi kuifunga yote katika kapu moja.

Mfano wa kwanza ni wa Januari 1977. Watuhumiwa waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe na imani za uchawi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwapo Shinyanga, wala hakuna aliyesema kwamba aliamuru mtu ateswe. Aliwajibika kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Baadaye akawa Balozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985. Vijana huambiwa kwamba kujiuzulu ni kujizika, na ndiyo maana ninautaja mfano huu kila ninapopata nafasi.

Mfano wa pili ni wa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Aliondoka akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Na Desemba 2013, baada ya ripoti ya Bunge juu ya ukatili uliofanyika katika Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao kwa siku moja. Hayo yote ni uwajibikaji wa kisiasa: waziri anabeba lililotendeka chini yake, awe alijua au hakujua.

Mfano wa tatu ni wa mahakamani, na kwa mtumishi wa kawaida huu ndio wenye mafunzo zaidi. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, kuhusiana na mkataba wa kampuni iliyokagua uzalishaji wa dhahabu na misamaha ya kodi iliyopewa. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, aliyeshitakiwa pamoja nao, aliachiwa huru. Katika mashtaka yale ilielezwa kwamba Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeshauri msamaha usitolewe. Ushauri wa mtaalamu haukuizuia hasara, lakini ulibaki ushahidi miaka mingi baadaye. Kama ushauri ule ungekuwa umetolewa kwa simu, leo tungezungumza nini?

Nimesema mengi. Ningependa kusikia kutoka kwa walio kazini.

*

Nimesoma michango yote, nami najibu ile iliyonigusa zaidi.

Ndugu uliyeandika kwamba mtumishi anayedai maandishi ataonekana mkaidi na kuhamishiwa kituo cha mbali, sikukatalii. Nimewaona waliohamishwa. Ila kuna tofauti kati ya kumwambia mkubwa "niandikie" na kumwandikia wewe mwenyewe. Baada ya lile lililonipata, nilijiwekea utaratibu ambao niliufuata hadi nilipostaafu. Kila nilipopewa agizo la mdomo lenye kugusa fedha, ajira au ardhi, nilirudi mezani, nikachukua dokezo sabili, yaani karatasi ya mawasiliano ya ndani ya ofisi, na kuandika kwa heshima: "Rejea maelekezo yako ya mdomo ya leo saa nne asubuhi kuhusu matumizi ya fedha za kifungu fulani. Ninaomba kukufahamisha kwamba kifungu hicho kimetengwa kwa kazi fulani, na uhamisho wake unahitaji idhini ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Naomba maelekezo yako." Dokezo linapita masijala, linapewa namba ya folio, linaingia kwenye jalada. Hapo hujamkatalia mtu. Umeomba maelekezo, jambo ambalo ni haki na wajibu wa kila aliye chini.

Mkubwa akilisoma ana njia tatu. Anaweza kuandika "Tekeleza" na kuweka saini yake, na hapo mzigo umerudi kwa mwenyewe. Anaweza kuandika "Tuonane", nanyi mkaonana, ukaeleza vizuri zaidi kuliko mwanzo. Au anaweza kunyamaza, na wewe ukanyamaza pia. Nitawaambia ukweli niliouona: mara nyingi zaidi walinyamaza. Agizo lililokuwa moto saa nne asubuhi lilipoa lilipokutana na karatasi, na wiki iliyofuata hakuna aliyelikumbuka. Wakurugenzi wawili kati ya wale niliofanya nao kazi walifikia hatua ya kunishukuru, maana nao walikuwa wanatafuta namna ya kumjibu aliye juu yao, na dokezo langu liliwapa neno la kusema: "Wataalamu wangu wameshauri hivi."

Mchangiaji mwingine ameuliza kama nchi nyingine zina kinga ya namna hii iliyoandikwa rasmi. Uingereza wanayo. Katibu mkuu wa wizara ambaye ndiye afisa masuuli, akiona kwamba waziri anataka matumizi yasiyoendana na thamani ya fedha au kanuni, humwomba waziri agizo la maandishi kabla ya kulipa. Mwaka 2015 katibu mkuu wa Cabinet Office, yaani ofisi ya Baraza la Mawaziri, alifanya hivyo kabla ya ruzuku ya pauni milioni 3 kutolewa kwa shirika la hisani la Kids Company. Mawaziri waliagiza kwa maandishi, fedha zikatoka, na siku chache baadaye shirika likafunga milango. Barua zikatangazwa, na wananchi wakajua nani alishauri na nani aliamua. Sisemi tuchukue kila cha Uingereza, ila hiki kimoja ningekitamani, kwa sababu hakimnyimi waziri mamlaka yake hata kidogo. Kinamtaka tu aweke jina lake pamoja na amri yake.

Ndugu Mtendaji wa Kata, mchango wako umenikalia moyoni kuliko yote. Umeeleza hali ambayo ni kinyume cha ile niliyoanza nayo: wewe hukuagizwa kutumia fedha isiyo halali, uliagizwa kukamilisha kazi isiyo na fedha. Wengi wetu tunakumbuka agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, lile lililopamba moto mwaka 2014. Lengo lilikuwa jema, na watoto wetu walizihitaji maabara. Lakini agizo lilipofika chini lilikuwa limebaki na tarehe ya mwisho peke yake. Mkoa uliisukuma wilaya, wilaya ikaisukuma halmashauri, halmashauri ikamsukuma Mtendaji, na Mtendaji hakuwa na wa kumsukuma isipokuwa mama mwenye mbuzi wawili. Akienda na mgambo kuchukua mbuzi badala ya mchango, ni yeye anayechukiwa na kijiji; asipokwenda, ni yeye anayeandikiwa barua. Ulipokuja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 wa kuondoa michango, walioulizwa kwa nini waliwatoza wananchi walikuwa haohao Watendaji.

Kumpa mtu wajibu bila uwezo wa kuutimiza ni dhuluma, hata kama aliyemkabidhi ana nia njema. Ushauri wangu kwako ni uleule wa dokezo, ila kwako liwe taarifa ya kila mwezi kwa Mkurugenzi: kazi uliyopewa, fedha uliyopokea, kilichojengwa, kilichokwama na kwa nini. Iandike hata kama hakuna anayeijibu. Siku ya kuulizwa, utakuwa na nakala 12 za mwaka mzima.

Kuna aliyepinga kwa hoja nzito, akasema kwamba dharura haisubiri karatasi, na kwamba kama kipindupindu kimeingia au daraja limesombwa, kiongozi lazima aseme na watu wakimbie. Nakubaliana naye kabisa. Niliwahi kushiriki kazi ya mafuriko ambapo tulinunua unga, mablanketi na dawa ya maji usiku kwa usiku kwa neno la Mkuu wa Wilaya, na kama tungesubiri kikao tungezika watu. Lakini Mkuu wa Wilaya yule, asubuhi ya siku ya tatu, aliitisha Kamati ya Usalama, akaeleza alichoagiza, kikaandikwa katika muhtasari, naye akasaini. Ilimchukua dakika 40. Wakaguzi walipokuja walikuta kila kitu na hawakuandika hoja hata moja. Nilimheshimu tangu siku ile, ingawa kwa ukali wake wengi walimwogopa.

Kuhusu WhatsApp, ambayo wachangiaji watatu wameigusa: ni kweli kwamba siku hizi maagizo mengi hupitia kwenye makundi ya simu, na wengine wanaona kwamba tatizo limekwisha kwa sababu ujumbe umeandikwa. Ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma, simu inaweza kupotea, na kiongozi akihama hutoka kwenye kundi. Tena mwenye kundi anaandika "hili likamilike leo" bila kumtaja mtu, na watu 60 wanaosoma kila mmoja anadhani ameambiwa mwenzake. Chapisha ujumbe, uingize kwenye jalada kwa dokezo fupi. Kama ofisi yako inatumia mfumo wa majalada wa kielektroniki, ni rahisi zaidi, kwa kuwa mfumo unaonyesha nani alilifungua jalada na saa ngapi.

Mwisho, ndugu wawili wameuliza yule mhasibu wangu aliishia wapi. Alikata rufaa. Tulipokuwa tunatafuta vielelezo, tulifungua kabati la zamani la idara na kukuta nakala ya pili ya ile hati ya malipo, ambayo wakaguzi hawakuiona. Pembeni mwa nakala hiyo, kwa kalamu yake, siku ileile ya malipo, alikuwa ameandika: "Fedha ni za zahanati. Maelekezo ya simu, saa 4:20, yameletwa na Mkuu wa Idara." Mkuu wa Idara ni mimi. Niliandika maelezo yangu kuthibitisha kila neno la mstari ule, pamoja na sehemu inayonihusu, nikayaambatisha kwenye rufaa yake. Adhabu yake ilifutwa, na mimi nikapewa onyo la maandishi, ambalo lilibaki katika jalada langu binafsi hadi siku niliyostaafu. Zahanati ilipauliwa mwaka wa pili yake kwa mapato ya ndani ya halmashauri, baada ya kubomoa safu tatu za juu na kuzijenga upya.

Narudi kesho jioni kwa wale wenye maswali kuhusu uhamisho wa fedha kati ya vifungu.